Kipande cha Tatu

Mimi vitabu sikuvipenda, na asije mtu kuniambia eti ukimpenda mume utapenda na vitu vyake. Wangila nilimpenda. Vitabu vyake vilinijazia nyumba vumbi na mende, tena ndivyo vilivyonitoa kwetu Bungoma vikanileta Kampala, kwa sababu bwana huyo alisikia kwamba Kikuubo, mtaa wa biashara wa huko, kuna wenye maduka wanaouza vitabu vikuukuu kwa kilo, vya kufungia sukari na sabuni. Kwa kilo! Kusikia hivyo akakosa usingizi. Tulivuka mpaka wa Malaba na godoro moja na mtoto wetu Masinde mgongoni, miaka ile baada ya vita vya themanini na sita, watu wakiwa bado wanaziba matundu ya risasi kwenye kuta zao.

Lakini sikuketi hapa kusema habari zangu. Nataka kusema habari za Aloyo, mke wa Sajenti Opoka, mama yake Atoo, kwa sababu wako watu mtaani kwetu Bukoto wanaomsema vibaya mpaka leo. Wanasema alirukwa na akili kwa ajili ya hadithi. Hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu.

Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya soko la Bukoto, njia ya kwenda kambi ya polisi. Wangila alikuwa akienda Kikuubo na kurudi na gunia la vitabu begani, halafu anakaa chini kuchambua. Vya dini pembeni. Vya hesabu pembeni. Anachotafuta yeye ni vile vya watu wanaokwenda kwenye nyota, vya mashine zenye akili, vya mazimwi na wachawi wenye falme zao. Hivyo ndivyo alivyovikodisha. Na kwa kuwa kitabu kimoja kilikuwa kinene kama tofali na wasomaji walikuwa wengi, alikikata vipande vitatu kwa msumeno wa chuma, kila kipande akakishona kwa uzi wa gunia na kukivika karatasi ya mfuko wa saruji. Unachukua cha kwanza, ukikirudisha unapewa cha pili. Kitabu kimoja kinasomwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Polisi walipenda sana, maana lindo ni refu na bunduki haina mazungumzo.

Sheria zilikuwa mbili, kaziandika kwa rangi kwenye ubao. Kipande cha tatu hakisafiri. Aliyemaliza asiseme mwisho. Ukisema mwisho, hukodishiwi tena mpaka Wangila apoe. Na haki yake, maana mwisho ukishajulikana nani atakodi cha tatu? Na cha tatu kikipotea, viwili vilivyobaki ni vya kufungia karanga tu.

Majalada yalikuwa yameshang'olewa huko Kikuubo, kwa hiyo majina ya waandishi hatukuyajua. Kambi iliwabatiza. Kulikuwa na Mzee wa Nyota, kulikuwa na Bwana Mashine, kulikuwa na Mama Mazimwi. Ukipita pale jioni utasikia watu wazima wanagombana utadhani ni mpira. Konstebo Odyek alikuwa haambiwi kitu juu ya Bwana Mashine. Kaltumi, Mnubi aliyeuza sambusa getini, alikuwa wa Mama Mazimwi. "Wallahi, huyo mama anajua ndoa," alikuwa akisema. "Mzee wenu wa Nyota anajua misumari peke yake."

Aloyo alikuja kibandani mara ya kwanza akiwa amebeba beseni la karanga kichwani. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kwao ni Kitgum, Kiswahili alikiokota kambini kwa mumewe, akakitumia bila kumwogopa mtu.

"Wewe mama, hii karatasi yako kilo moja pesa ngapi?"

"Hizi si karatasi, ni vitabu," nikamwambia.

"Mimi najua ni kitabu. Mimi nataka ya kufunga karanga. Hapana ya kusoma."

Wangila hakuwepo. Nikampimia nusu gunia, tena nikamwongezea. Wangila aliporudi alishika kichwa na mikono miwili kama mtu aliyefiwa, na mimi nikacheka sana siku hiyo.

Kesho yake akaja msichana mwenye sare ya shule, mrefu kama mamake, ameshika karatasi iliyokunjuliwa, ina chumvi na mafuta ya karanga. Akanisalimia vizuri, akasema, "Anti, iko wapi karatasi inayofuata hii?" Wangila akaichukua, akaisoma, uso ukamchangamka. Ilikuwa ya Mzee wa Nyota, habari ya jua lililokuwa linazimika kidogo kidogo kama jiko lililokosa kuni. Basi hapo ndipo tulipompata Atoo, na yeye akampata Mzee wa Nyota. Alimaliza vitabu vyake vyote tulivyokuwa navyo. Ukimwambia Mama Mazimwi naye ni mzuri, anakubali kwa adabu tu, halafu anauliza kama gunia jipya la Mzee wa Nyota limefika.

Nyumbani alimsimulia mamake wakibambua karanga, nusu Kiswahili nusu Kiacholi. Aloyo alikuja kwangu kulalamika.

"Mama Masinde, hii watu ya nyota hapana kula? Kitabu mzima, hakuna mtu amepika! Wanaenda mbali, wanapigana, wanalia. Nani anapikia wao?"

"Muulize Wangila."

"Mimi nauliza Atoo. Anasema wanakula dawa. Dawa! Mama yao iko wapi?"

Alikuwa akisema hivyo kila wiki, na Atoo nyuma yake anaziba mdomo kwa kicheko. Nawaona hata sasa. Sipendi kuwaona, lakini nawaona.

Mwaka ule nyanyake Atoo akaugua huko Kitgum, na likizo ilipofika Opoka akasema msichana aende akamsaidie. Waasi walikuwa porini, ndiyo, lakini tulikuwa tumeambiwa wamesukumwa mpaka Sudan, na watu walikuwa wanasafiri. Atoo alikuwa katikati ya kitabu ambacho kambi nzima ilikiita Msichana wa Taa. Ni cha Mzee wa Nyota, kilikuja na gunia jipya, na kipande cha tatu mtu alikuwa bado hajakikodi. Dunia moja imekauka mito, watu wake wamepanda meli ya angani kutafuta mahali pengine, na msichana mmoja kaachwa juu ya mwamba unaoelea gizani awashe taa, ili meli ikipita ione njia na imchukue. Kipande cha pili kinaishia meli inapita bila kusimama. Kapiteni anadhani msichana ameshakufa. Yule msichana anaona moto wa meli unakwenda, unakuwa mdogo, unapotea.

Atoo alirudisha kipande cha pili asubuhi ya safari, basi linangoja, akaomba cha tatu.

"Hakisafiri," nikasema. "Soma ubao."

"Anti, nitakaaje mwezi mzima bila kujua? Nitarudi nacho. Naapa. Nisiporudi nacho msinikodishie tena mpaka nife."

Mimi nilikataa. Wangila alimpa. Alikuwa hawezi kumnyima kitu mtu anayempenda Mzee wa Nyota. Akakikung'uta vumbi, akamwonyesha palipoandikwa ndani ya jalada la saruji, Wangila, soko la Bukoto, akamwambia, "Kiko mikononi mwako." Msichana akakibana kifuani akakimbia kuwahi basi.

Waasi waliingia kwa yule bibi wakati wa kuvuna ufuta. Bibi walimwacha. Atoo na vijana wengine wa kijiji walifungwa kamba kiunoni, mmoja kwa mwenzake, wakaongozwa porini.

Habari ilifika kwa redio ya polisi. Opoka mwenyewe ndiye aliyekuwa zamu. Alivua vifaa vya masikioni, akavipanga mezani vizuri, akatembea mpaka nyumbani kumwambia mkewe. Nasikia alimwambia amesimama wima, kama anatoa ripoti, na Aloyo alimpiga kofi.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi niliujua kwa kuuangalia tu, na kuuangalia kulinitosha. Aloyo aliacha kuuza karanga, akawa anashinda kituo cha mabasi ya kaskazini na picha ya Atoo, anaingia basi baada ya basi, anawaonyesha abiria wakiwa bado hawajashusha mizigo. Wengine walimtazama kwa huruma. Wengine walimsukuma. Redio ilikuwa ikisoma majina ya watoto waliotoroka, naye alikaa mbele yake na mikono mapajani kama mtu aliye kanisani, na majina yakiisha anabaki amekaa. Opoka aliomba ahamishiwe kaskazini amtafute bintiye. Akaenda, akakaa huko, akarudi amekonda, koti la sare linamning'inia. Alichokiona hakukisema. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la mtoto.

Mimi nilikuwa nimekata tamaa mapema, nisijifanye. Kila nikimwona Aloyo anakuja nilitamani kujificha nyuma ya magunia. Utamwambia nini mtu kama huyo? Pole? Pole ilishaisha maana.

Halafu ukoo wa Opoka ukakaa Kitgum ukaamua. Ilikuwa imeshapita mvua ya pili tangu achukuliwe. Walisema mtoto aliyepotea hivyo hapumziki na hapumzishi watu, ngoja ngoja huumiza matumbo, afadhali wamkalie matanga, wamlilie, waiage roho yake, wadogo zake wasije wakaandamwa na mikosi. Opoka alikubali. Lakini mama lazima akubali naye, ndiye anayetoa kilio cha kwanza. Bila kilio chake hakuna matanga. Walimtumia habari kwamba wazee wa ukoo wangefika Kampala Jumapili ile kumsikiliza.

Jumatatu, siku sita kabla yao kufika, Aloyo akaja kibandani. Hakuketi.

"Mama Masinde, nipe ile kitabu yake. Ile alikuwa anasoma."

"Mama Atoo, tunavyo vipande viwili tu."

"Soma hiyo mbili."

"Ya nini?"

"Mimi nataka kujua mtoto yangu alikuwa anaenda wapi."

Basi nikasoma. Mimi, mwenye Kiingereza cha kidato cha pili, mimi nisiyependa vitabu. Kila mchana nilifunga nusu ya kibanda, nikawa nasoma mstari, naugeuza Kiswahili, nikikwama Wangila ananisaidia. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka wakati mwingine napiga kelele. Aloyo alisikiliza kwa mwili mzima. Meli ilipoondoka alisema, "Aya." Msichana alipoachwa kwenye mwamba akauliza, "Mama yake iko kwa meli?" Nikamwambia ndiyo, yuko. Akaanza kutikisa kichwa, na hakuacha mpaka tulipofunga siku ile.

Nami, nikuambie ukweli, kitabu kilinishika. Nilikuwa naosha vyombo nikimfikiria yule mtoto wa watu kwenye mwamba na taa yake. Nilikasirika. Nilikuwa nimeishi vizuri bila mambo hayo.

Jumamosi tukafika mwisho wa kipande cha pili. Meli ikapita. Moto ukapotea gizani. Nikafunga.

"Halafu?" akasema Aloyo.

"Kimeishia hapo. Kilichobaki Atoo alikwenda nacho."

Akamgeukia Wangila, aliyekuwa anashona kitabu kwenye kona. "Wewe ulisoma yote."

"Nilisoma, mama Atoo."

"Meli ilirudi?"

Wangila akatazama ubao wake. Naapa aliutazama ubao. "Ni sheria ya kibanda," akasema. "Aliyemaliza hasemi mwisho."

"Sheria gani!" Sauti ile ya ng'ambo ya bonde ikatoka yote, watu wa soko wakageuka. "Mtoto yangu iko porini, wewe nasema sheria! Kesho wazee wanakuja. Wanataka mimi nilie. Nikilia, nimemzika na mdomo yangu. Nisipolia, wanasema mimi nafungia watoto wengine njia. Hakuna mtu ananiambia kitu. Polisi hapana jua. Padri hapana jua. Mungu mwenyewe amenyamaza! Wewe peke yako unajua kitu moja, moja tu, na unaficha. Wangila, nakuomba. Meli ilirudi?"

Alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Nilijaribu kumwinua, akanisukuma.

Wangila aliweka sindano chini. "Ilirudi," akasema.

"Ikamkuta?"

"Ikamkuta amelala kando ya taa yake. Wakamfunika blanketi. Wakamrudisha kwa mama yake."

"Mzima?"

"Mzima."

"Mama yake alisema nini?"

"Alisema... alisema karibu nyumbani."

"Na chakula? Alimpikia nini?"

"Kitabu hakikusema chakula."

Aloyo akacheka. Machozi yanatiririka, magoti yana tope, anacheka. "Huyu Mzee ya Nyota! Mtoto ametoka njaa, hakuna mtu amepika!" Akainuka, akapangusa magoti, akaenda zake akiwa ameshika kichwa juu.

Nilimngoja apotelee kwenye kona ya soko, nikamgeukia mume wangu.

"Ni kweli?"

Akaichukua sindano yake, akaanza kushona tena.

"Wangila, nakuuliza wewe. Ni kweli meli ilirudi?"

"Meli ilirudi," akasema. "Taa walikuta inawaka. Hewa yake ya mwisho alikuwa ameipa taa isizimike. Yeye alikuwa amekwisha."

Sijawahi kumtukana mume wangu kama nilivyomtukana siku ile. Nilimwambia amemfunga mama wa watu kamba shingoni. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Yeye akasema, "Sasa wewe ungemwambia nini, amepiga magoti?" 

Jumapili wazee wa ukoo walikuja, Aloyo akawakatalia. Aliwapikia kuku, akawaandalia, kisha akawaambia mtoto wake hajafa, atarudi, na anayetaka kulia akalie kwake. Waliondoka na kinyongo. Opoka alikuja kibandani Jumatatu, amevaa sare, akauliza kwa utaratibu, "Bwana Wangila, ulimwambia mke wangu nini?" Wangila akamweleza yote, na mwisho wa kweli akamweleza. Opoka akasikiliza mpaka mwisho.

"Ungemwacha alie," akasema. "Angelia, angelala. Sasa hatalala." Akaondoka. Hakumwambia mkewe hata hivyo. Nadhani naye alishindwa.

Na kweli hakulala. Miaka ikaenda, Aloyo akarudia kuuza karanga, ila hakufungia tena kwenye karatasi. Alifungia kwenye kavera, mifuko ile ya nailoni, kwa sababu karatasi, alisema, huenda mtu akaitafuta. Kila Krismasi alinunua kitambaa cha gauni, akikadiria Atoo amefikia urefu gani. Kila alipopita kibandani alimwomba Wangila amsimulie mwisho, naye Wangila akasimulia, meli, blanketi, karibu nyumbani, huku anazeeka mbele ya macho yangu. Alikuwa ameacha kusoma. Magunia ya Kikuubo yakija, anayaacha yamefungwa.

Concy alitufikia siku moja mchana. Alikuwa msichana mwembamba, anachechemea, ana kovu la moto shavuni. Alisema anakaa Kansanga kwa shangazi yake, anaosha vyombo kwenye hoteli, na kabla ya hapo alikuwa kwenye kituo wanapopokelewa waliotoroka kutoka porini. Akafungua kitambaa. Ndani yake kulikuwa na kipande chetu cha tatu. Karatasi ya saruji ilikuwa imechakaa mpaka kuwa laini kama ngozi, lakini maandishi ya Wangila yalisomeka.

"Aliniambia kirudi hapa," akasema. "Alisema mna sheria."

Nilitamani nimwambie, binti, kifunge tena, rudi Kansanga, hukutukuta. Sikusema. Wangila alikuwa ameshafunga kibanda.

Tulimkuta Aloyo kwenye chumba chao cha kambini, anachambua karanga sakafuni. Opoka alikuwa ametoka zamu, kakaa kitandani na sare yake na kofia kichwani. Aloyo alikiona kile kipande kabla ya kutuona sisi. Akasimama, karanga zikamwagika zote.

Concy alisema kwa Kiacholi, na Opoka, bila kuombwa, akawa anatugeuzia Kiswahili kwa sauti ile ile ya ripoti. Walikuwa pamoja, yeye na Atoo, mpaka walipotoka Sudan. Njiani Atoo akapigwa risasi mguuni, mguu ukavimba, akawa hawezi kutembea. Wakubwa wao wakaamuru aachwe chini ya mti kando ya mto uliokauka. Wakasema watapita tena kumchukua. Atoo akampa Concy kitabu. Akamwambia nenda, mimi nitangoja.

"Mlipita tena?" Aloyo akauliza.

"Tulipita njia nyingine."

"Ulimwacha mzima?"

"Nilimwacha amekaa. Alikuwa ananitazama."

Nilisikia watoto wa kambi wanacheza nje. Aloyo alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima wa Kololo na mzigo, lakini hakulia. Akaketi mbele ya yule msichana, akamshika mikono.

"Alikusimulia kitabu hiki?"

Uso wa Concy ukabadilika, ukawa uso wa mtoto. "Kila tulipopumzika. Tulimnyamazia sote. Hata wale waliotulinda walisogea."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama. Meli ilirudi. Wakamkuta msichana kando ya taa yake, mzima, wakambeba mpaka nyumbani. Na mama yake alikuwa mlangoni, anakaanga karanga. Akamwambia, kaa, zimeiva, kula kwanza. Akala mpaka akashiba."

Opoka alianza kutugeuzia, akafika kwenye karanga, sauti ikamkatika. Ilibidi Aloyo mwenyewe amalize, na alimalizia kwa kupiga makofi. "Umesikia, Wangila! Umesikia! Kama ulivyoniambia! Na chakula kilikuwepo, wewe ndiyo ulisahau! Aliachwa, wakarudi, akafika kwa mama yake!"

Wangila alikuwa amekifungua kile kipande, anatafuta kurasa za mwisho. Hazikuwepo. Zilikuwa zimechanwa kwa uangalifu, karibu kabisa na uzi.

"Hizi zilikwenda wapi?" akamuuliza Concy.

"Alizichana mwenyewe. Kulikuwa na kijana mwingine aliyejua kusoma, alikuwa anakiomba sana kitabu. Atoo akazichana, akazichimbia. Alisema hazitufai."

Mume wangu akakiweka kitabu usoni na mabega yakaanza kumtikisika. Mtu mzima, mbele za watu, analia kwa kwikwi. Sikuweza kumshika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshikilia ukuta.

Aloyo akamtazama. Tabasamu lilikuwa bado midomoni, halijajua pa kwenda. Akanitazama mimi, akamtazama mumewe, akarudi kwa Wangila.

"Wangila," akasema polepole. "Mbona unalia, kama alifika?"

Opoka alivua kofia yake, akaiweka sakafuni kati ya zile karanga, na Aloyo alipoiona pale chini ndipo akatoa kilio cha kwanza.